Vidaraja Kumi na Vitano

Kuluthum alikuwa amechora hina kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchora kitu kisichokuwa na joto. Alichora viganja vya maharusi, nyayo zao, na mara nyingine mikono ya watoto wadogo siku ya Idi. Mimi ndiye niliyemwomba achore simiti.

Ilikuwa Oktoba 2008, wiki ya pili baada ya Idi, kazi ya hina ikiwa imepungua. Nilikuwa nafundisha sanaa katika chuo kimoja kidogo cha Nakuru, nami nilikuwa nimejiunga na watu wachache waliokuwa na wasiwasi juu ya ziwa. Wazo letu lilikuwa rahisi. Maji ya mvua hushuka kutoka mlima Menengai, hupita katikati ya mji, huokota mafuta ya magari, mifuko ya plastiki, sabuni na kila kilichotupwa, kisha huingia ziwani vilevile yalivyo. Hayachujwi popote. Tulitaka watu walikumbuke ziwa kila wanapokanyaga mtaro, na tulidhani picha ingewakumbusha vizuri zaidi kuliko mkutano.

Kuluthum alikuwa anaishi Bondeni, katika ploti ya zamani yenye vyumba kumi na vitano kwenye safu moja, mtaro ukipita mbele ya milango yote. Mbele ya kila mlango palikuwa na kidaraja cha simiti cha kuvukia. Babu yake alikuja kutoka pwani na kazi ya reli, akabaki. Yeye mwenyewe pwani alikuwa ameiona mara mbili tu. Nilipomweleza habari ya maji, alinisimamisha.

"Mtaro huu si unaenda kule kwa mabwawa ya kusafisha?"

Nikamwambia maji ya vyoo ndiyo yanayokwenda huko. Mtaro wa mvua unakwenda moja kwa moja ziwani.

"Kwa hivyo sabuni niliyomwaga leo asubuhi?"

"Mvua ikinyesha itafika ziwani."

Aliutazama mtaro wake kama mtu anayemwangalia jamaa ambaye habari zake amezisikia kwa wengine. "Nimezaliwa hapa," akasema, "na sikujua maji yangu huenda wapi."

Alikubali kazi. Lakini lazima niseme mapema kwamba wakati ule moyo wake haukuwa kwenye ziwa. Ulikuwa kwenye chumba namba tisa, kilichopakana na chake, kilichokuwa na kufuli tangu Januari.

Chumba hicho kilikuwa cha Chepkemei, mjane aliyeuza maziwa lala, yale ya mgando, mlangoni pake kwa miaka kumi na mmoja. Majirani walimwita Mama Kimaiyo, kwa jina la mwanawe, kama Kuluthum alivyoitwa Mama Najwa. Urafiki wao ulikuwa wa ukutani. Kuluthum akipungukiwa na chumvi aligonga ukuta mara moja. Akiwa na habari aligonga mara mbili. Zile siku za Januari, baada ya uchaguzi, watu wa kabila lake walipokuwa wanafukuzwa mjini na milango yao kutiwa alama, Chepkemei na mtoto walikaa siku mbili ndani ya chumba cha Kuluthum bila kukohoa. Siku ya pili Gachanja, fundi wa magari wa chumba cha mwisho, mwenye kibanda hapo mbele, alimwambia Kuluthum maneno machache tu: "Mwambie Mama Kimaiyo aondoke leo."  Mchana huo ndugu yake Kuluthum aliwatoa mjini kwa lori la mboga, wakaenda kwa kaka yake Chepkemei huko Keringet.

Mpaka Oktoba Kuluthum hakuwa amejua kama Gachanja alikuwa anaonya au anatisha. Alikutana naye kila siku, walisalimiana, Gachanja hata alimtengenezea jiko lake la mafuta lilipoharibika. Kuluthum alimtazama usoni mara nyingi akitafuta jibu, asilione.

Dilip, mwenye ploti, alikuwa amekubali kukiacha chumba namba tisa bila mpangaji mpaka mwisho wa Oktoba. Alisema zaidi ya hapo hawezi. Na Chepkemei alikuwa amesema kwa simu kwamba angekuja siku moja mwezi huo, peke yake, aone kwa macho yake kabla hajaamua kumrudisha mtoto. Hakutaja siku. Kwa hiyo Kuluthum aliamka kila asubuhi akifikiri huenda ni leo. Kitu alichokitaka mwaka huo kilikuwa hicho kimoja: kusikia mtu upande wa pili wa ukuta.

Rangi tulinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Dilip huyohuyo, na yeye akaturuhusu kuchora kwenye vidaraja vyake. Maua na samaki, alisema, si siasa. Tulichukua nyeupe, buluu, waridi kwa ajili ya flamingo, na mkebe mmoja wa ile rangi nyekundu ya kupaka sakafu, kwa sababu hushika vizuri kwenye simiti. Ile nyeupe haikutosha; Dilip alisema nyingine ingefika kesho yake.

Nilimuuliza Kuluthum angeanzaje. "Kama ninavyoanza siku zote," akajibu. Sikumuuliza zaidi. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Jinsi anavyoanza ni hivi. Kiganja cha mtu hakina katikati inayoonekana, kwa hiyo yeye huitafuta kwa mistari miwili inayokatana, kona hii kwenda ile. Pale inapokutana ndipo ua linapokaa. Kisha petali zinaifunika mistari, majani yanafuata, na mwisho hakuna anayejua kwamba mistari ilikuwepo. Tena hina haitazamwi na watu kabla haijakauka na kubanduliwa. Bibi harusi hukaa ndani, mikono juu ya mto, mlango umefungwa. Kwa hiyo katika miaka yote ishirini na minane kazi yake haikuwahi kulala nje ikiwa nusu.

Jumanne usiku, watu walipokwisha kulala ili asikanyage mtu rangi mbichi, Kuluthum alifagia vidaraja vyote kumi na vitano, akapiga magoti kwenye kila kimoja, akaweka mistari yake miwili kwa rangi nyekundu ya sakafu, kwa brashi pana, kutoka kona hadi kona. Rangi ilihitaji kulala usiku mzima ikauke. Kesho yake maua yangekaa. Aliosha brashi, na kwa mara ya kwanza maji ya brashi hakuyamwaga mtaroni. Aliyatia kwenye mkebe mtupu akaufunika. Aliniambia alijisikia kama mtu aliyefanya jambo zuri.

Jumatano asubuhi alikwenda dukani kwa Dilip kuchukua rangi nyeupe. Aliporudi alikuta safu nzima iko nje.

Anayeishi mjini kwetu hahitaji kuelezwa maana ya alama ya X nyekundu. Kanjo, watu wa baraza la mji, wakiiweka kwenye nyumba, nyumba hiyo iko mahali pa barabara na itabomolewa. Wamuyu, aliyekuwa anauza chai na mandazi chumba cha kwanza, alikuwa ameshatoa masufuria yote na kuyapanga barabarani. Gachanja alikuwa anapakia vyuma vyake kwenye mkokoteni.

"Mama Najwa, walipita saa ngapi?" akauliza Gachanja.

"Kina nani?"

"Kanjo. Hata kwako wameweka."

Kuluthum alitazama alikoonyeshwa. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoiona kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameichora mara kumi na tano kwa mkono wake, akavuka yake mwenyewe asubuhi hiyo akienda dukani, na hakuwa ameiona.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi nimechora."

Wamuyu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebeba masufuria bure. "Kumbe kanjo siku hizi wanavaa buibui. Na tingatinga umeliacha wapi, Mama Najwa? Liko kwa mkoba?"

"Uliza kama ametupatia notisi," mtu akasema nyuma.

"Notisi ataandika kwa hina."

Dilip alikuwa amemfuata kutoka dukani, maana mtu alimpigia simu kwamba ploti yake imewekwa alama. Alisimama juu ya kidaraja cha kwanza, mikono kiunoni. Baba yake ndiye aliyeijenga ploti hiyo, na uso wake ulikuwa umepauka. "Nilikuruhusu maua," akasema kwa sauti ya chini. "Hili ni ua gani?"

"Ni ua, mzee. Halijaisha."

"Wewe ni mtu wa hapa, Mama Najwa. Si mgeni. Hukuona?"

Kuluthum aliweka chini mkebe wa rangi nyeupe. Alianza kueleza habari za kiganja na katikati yake, akaona nyuso zao, akaacha. Watu walirudisha vitu ndani huku wakitaniana, na mambo yangeishia hapo, kama hadithi ya kuchekesha ya Bondeni. Lakini Gachanja, akiwa anashusha vyuma vyake, alisema bila kugeuka:

"Hata Mama Kimaiyo ameshtuka."

"Mama Kimaiyo gani?"

"Wa namba tisa. Si alikuja? Kitu saa mbili hivi. Nilidhani umemwona."

Akamweleza. Chepkemei alikuja na mkoba mdogo, akasimama mwanzo wa safu, akatembea polepole mpaka mlangoni pake. Akaangalia chini. Gachanja alimsalimu, hakuitika. Akageuka akaenda, haraka lakini bila kukimbia. Watu wengine walikuwa hawajatoka. Kelele zilianza baadaye. Gachanja alidhani ameogopa kanjo kama walivyoogopa wote.

Kuluthum alimtazama Gachanja tena, jinsi alivyomtazama tangu Januari, na tena hakujua anachokitazama. Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Alipopiga mara ya pili ilikuwa imezimwa.

Mimi nilifika saa nne na kamera yangu, nimefurahi. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kidaraja cha namba tisa, anapaka petali nyeupe juu ya mistari nyekundu kwa kasi ambayo sijaiona kwa mchoraji yeyote. Hakuinua kichwa. Alinieleza yote huku mkono unakwenda. Alisema hajui kwa nini anachora, kwamba aliyetakiwa kuliona ua hilo ameshaondoka, lakini hakujua kitu kingine cha kuifanyia mikono yake. Nilisema nitamwandikia Chepkemei barua ya kueleza, nitie sahihi kama mwalimu. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe niliona haya. Barua ingesema nini? Kwamba alama haikuwa na nia mbaya? Januari pia watu walipeana maneno ya namna hiyo.

Ijumaa vidaraja vyote vilikuwa vimekamilika. Lazima niseme vilipendeza. Samaki wenye magamba ya nukta kama vidole vya bibi harusi, majani ya hina yakizunguka kingo, na maandishi mafupi: Maji haya yanaenda ziwani. Flamingo walimshinda kidogo. Gachanja alisema ni kuku waliovutwa miguu. Lakini pia alisema hawezi tena kumwaga oili chafu mbele ya kibanda chake, samaki anamwangalia. Nilifurahi sana, nikaiandika kwenye ripoti yetu. Wiki iliyofuata nilimwona amebeba mtungi wa oili anavuka barabara. Alikuwa anaipeleka kwenye mtaro wa ploti ya pili, ambao haukuwa na picha.

Jumamosi Kuluthum alikwenda Keringet. Hakutaka kufuatana na mtu. Aliyoyakuta huko aliniambia baadaye, kwa vipande, na nimeyaweka pamoja kadiri nilivyoweza.

Kulikuwa na ukungu na baridi ambayo hakuwa amejiandaa nayo. Alimkuta Chepkemei nyuma ya nyumba ya kaka yake, anasugua vibuyu vya maziwa. Hawakukumbatiana. Chepkemei alifuta kigoda kwa mkono akamsogezea, akaingia ndani akatoka na chai ya moto na sweta, akamvika begani kama mtoto. Kimaiyo alikuwa shule. Siku hizo alisoma darasa la sita huko, alikuwa amepata marafiki. Walizungumza habari za shule kwa muda mrefu. Ndipo Kuluthum aliposema:

"Ile alama ni mimi nilichora."

"Najua."

"Gachanja amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia." Chepkemei aliendelea kusugua. "Ni mimi nilikuwa nakushikia taa stima zikipotea, ukichora wale mabibi harusi. Unaanza hivi na hivi. Nilikumbuka nikifika Molo. Nikasema, aki hii ni kazi ya Mama Najwa."

Kuluthum aliweka kikombe chini. Alikuwa amekuja na maelezo marefu, na sasa hayakuhitajika. "Sasa mbona hukurudi? Molo ni karibu. Ungerudi tu tucheke."

 Chepkemei alitikisa kibuyu, akakisikiliza, akakiweka kando.

"Kichwa kilijua nikiwa Molo," akasema. "Lakini miguu ilishaamua pale mlangoni."

"Vilikuwa kumi na vitano, Mama Kimaiyo. Hata changu. Hata cha Gachanja. Kila mlango."

"Mimi niliona kimoja."

Kuluthum alimwambia ni maua sasa. La namba tisa ndilo kubwa kuliko yote, lina petali kumi na sita, alilichora la kwanza. Chepkemei alisema anaamini. Alisema anamwamini kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na kwamba hana neno na mtu yeyote wa ploti, wala hajui kama ana sababu ya kuwa nalo. "Lakini siwezi kukaa mahali naangalia chini kwanza ndiyo nifungue mlango. Hiyo si kukaa."

"Basi nimwambie nini Dilip? Mwezi unaisha."

"Wewe ndiye uko huko. Mwambie vile unaona."

"Vile ninaona mimi? Chumba ni chako."

"Mimi nikisema narudi, nitakuwa nakudanganya. Nikisema sirudi, nitalia, na huyu kaka yangu hapendi kuona. Sema wewe."

Wakanywa chai. Walipoagana Chepkemei alimsindikiza mpaka barabarani na kumwachia sweta.

Kuluthum alirudi akiwa hajui amepewa nini. Kama Chepkemei angemkasirikia, alisema, angemwomba radhi mpaka akubali. Kama angekuwa hajaelewa, angemwelewesha. Lakini alikuwa ameelewa, alikuwa amesamehe, na bado chumba kilikuwa kitupu. Aliniuliza mimi, aliyesoma, kosa hasa lilikuwa wapi. Kwenye brashi? Kwangu mimi niliyemtoa kwenye hina? Au lilikuwa la Januari, na rangi ilipita tu juu yake? Nilimwambia sijui. Aliniambia naye hajui, na kwamba usingizini anaona mistari, lakini hajui kama ni ya kiganja au ya mlango.

Mvua zilianza wiki ya mwisho ya mwezi. Maji yalishuka mtaroni yakiwa meusi kama kila mwaka, na mifuko ilinasa kwenye vidaraja kama kila mwaka, tofauti ni kwamba sasa watoto wa ploti walichutama juu ya samaki na kuihesabu ikipita. Nilipiga picha. Sijui kama ile ilikuwa ishara ya kufaulu.

Tarehe thelathini Kuluthum alikwenda dukani kwa Dilip. Palikuwa na wateja, akasubiri karibu na mabati mpaka walipoondoka. Dilip alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alimpa kiti.

"Nina watu kutoka Kabazi," akasema. "Mume na mke, vijana. Nimewaambia wangoje kesho. Anarudi ama harudi?"

Kuluthum aliniambia alikaa pale akiyatafuta maneno yasiyokuwa ndiyo wala la. Alifikiria kuomba mwezi mmoja zaidi. Alijua Dilip angekataa mara ya kwanza na kukubali mara ya pili. Alifikiria Chepkemei akiangalia chini, kila asubuhi, mbele ya ua lenye petali kumi na sita. Kisha akafikiria ukuta.

"Harudi," akasema.

"Ni kwa sababu ya ile rangi?"

"Sijui, mzee."

"Pole," akasema Dilip, na kusikika kama anayemaanisha.

Kuluthum alitoka nje. Hakuenda nyumbani. Alitembea tu, akipita mitaro isiyochorwa, mpaka akajikuta kwenye steji ya magari ya Molo, njia ya Keringet, amesimama chini ya mvua nyembamba, mkoba umebanwa kwapani. Kondakta alimwita mara mbili. Gari lilikuwa karibu kujaa.

"Mathe, unaenda?"

Alimtazama yule kijana, akatazama gari, kisha akamwambia ukweli, kwamba hajui, na kijana akangoja kidogo kabla ya kufunga mlango.